Jeong Cheol: Waziri Aliyemlilia Mfalme kwa Sauti ya Mwanamke

Katika shairi moja la Kikorea la karne ya 16, mwanamke aliyeachwa anakata kitambaa cha hariri, anakunjua nyuzi za rangi tano, kisha anachukua rula ya dhahabu na kumshonea mpenzi wake nguo, ingawa mpenzi mwenyewe hayupo wa kupimwa. Akimaliza anaitia nguo hiyo katika kisanduku cheupe cha jiwe la thamani, anatazama upande anakokaa huyo mpenzi, na haoni ila milima na mawingu. Nani ataifikisha? Na ikifika, akikifungua kisanduku, je, atafurahi kama anayeniona mimi? Msomaji asiyejua chochote kuhusu Korea ataliweka shairi hili katika fungu la mapenzi na kuendelea na shughuli zake. Ukweli ni kwamba mtunzi alikuwa mwanamume wa karibu miaka 50, aliyekwisha kuwa gavana wa jimbo na mkuu wa idara iliyokagua mienendo ya watumishi wa serikali, na mpenzi anayeliliwa ni mfalme wake, Seonjo.

Mtunzi huyo ni Jeong Cheol, ambaye wasomi wa Korea humtaja pia kwa jina lake la utunzi, Songgang, maana yake mto wa misonobari. Wanafunzi wa sekondari nchini mwake hukutana na tungo zake vitabuni na mitihanini hadi leo. Maisha yake, hata hivyo, yana fundo ambalo halifunguki kwa kumsifu tu: mkono ulioandika baadhi ya mistari laini kuliko yote katika lugha ya Kikorea ndio uliosimamia mahojiano ambayo watu wengi hawakutoka wakiwa hai.

Kwanza tukubaliane juu ya maana ya kumwita mtu mshairi wa ikulu, kwa sababu maneno hayo yanaweza kutupoteza. Dola ya Joseon, iliyotawala rasi ya Korea tangu 1392 hadi mwishoni mwa karne ya 19, haikuwa na malenga wa kulipwa ambaye kazi yake ilikuwa kukaa karibu na kiti cha enzi na kumsifu mwenye kiti. Ilikuwa na maofisa, na kila ofisa alikuwa mshairi kwa lazima, kwa kuwa mlango mkuu wa kuingilia serikalini ulikuwa mtihani, na mtihani huo ulipima, pamoja na mambo mengine, uwezo wa mtu kutunga insha na mashairi kwa Kichina cha kale. Kutunga kulikuwa sehemu ya kazi sawa na kuandika waraka. Ofisa alimtungia mwenzake anayehamishwa, alitunga kwenye karamu, alijibizana kwa beti na mjumbe kutoka China, na alitunga alipofukuzwa kazi. Jeong Cheol alifukuzwa au kujiuzulu mara nyingi, na ni katika vipindi hivyo alipotoa sehemu kubwa ya kazi yake bora.

Jambo la pili ni lugha. Kichina cha kale ndicho kilichobeba heshima. Kikorea kilikuwa na hati yake tangu Mfalme Sejong alipoikamilisha mwaka 1443 na kuitangaza rasmi mwaka 1446, ikiwa na herufi 28, lakini wasomi wengi waliidharau na kuiona kuwa hati ya wanawake na ya watu wasio na elimu. Jeong Cheol alitunga kwa Kichina kama wenzake wote, na mashairi hayo yamehifadhiwa, lakini kilichombakisha midomoni mwa watu ni yale aliyotunga kwa lugha ya mama yake.

Alizaliwa mwaka 1536 katika mji mkuu, ambao sasa ni Seoul, kwenye familia iliyokuwa na mlango wa nyuma wa kuingilia ikulu. Dada yake mkubwa alikuwa miongoni mwa wake wadogo wa mwana wa mfalme aliyekuja kutawala kwa jina la Injong, na dada mwingine aliolewa na mtu wa ukoo wa kifalme aliyeitwa Gyerimgun. Kwa hiyo mtoto Jeong Cheol alikuwa akiingia na kutoka ikulu kumtembelea dadaye, na humo akapata mwenzake wa kucheza naye, mwana mwingine wa mfalme. Injong alifariki mwaka 1545 baada ya kutawala kwa muda usiotimia mwaka, na yule mwenzake wa michezo akakalishwa kwenye kiti akiwa bado mtoto, kwa jina la Myeongjong. Jamaa za upande wa mama yake mfalme mdogo waliitumia nafasi hiyo kuwafagia wapinzani wao. Gyerimgun aliuawa, baba yake Jeong Cheol akapelekwa uhamishoni, na kaka yake mkubwa akachapwa viboko hata akafa kutokana na adhabu hiyo. Mtoto wa miaka 10 hivi alimfuata baba yake huko alikopelekwa.

Naona si haki kumsoma bila kulikumbuka tukio hili. Kabla hajajua kutunga, alikwisha kujifunza kwamba mapenzi ya ikulu yanaweza kuzimwa kwa usiku mmoja, na kwamba anayezima si lazima awe adui.

Baba yake aliposamehewa mwaka 1551, familia ilihamia Changpyeong, katika eneo la Damyang kusini-magharibi mwa rasi, nchi ya mianzi, vijito na vibanda vya wazi vilivyojengwa juu ya vilima ili watu wakae kusoma, kunywa na kutazama mandhari. Alikaa huko takriban miaka 10, akafundishwa na wasomi waliokuwa wamejitenga na siasa, miongoni mwao Kim In-hu, Song Sun na Im Eok-ryeong. Mwaka 1562 alifanya mtihani mkuu wa serikali na kuwa wa kwanza. Mfalme aliyekuwa juu ya kiti bado alikuwa Myeongjong, mwenzake wa utotoni, na huenda wengi walidhani kwamba njia imefunguka. Haikuwa hivyo. Jeong Cheol, akiwa ofisa wa ukaguzi, alipata kesi ya binamu wa mfalme aliyeua ili ajipatie mali, na mfalme alipomwomba aifikirie kwa huruma, alikataa na kushikilia adhabu ya kifo. Tabia hiyo haikumwacha maishani: alikuwa mnyofu hadi kufikia ukali, mwepesi wa kusema, na mzito wa kusamehe.

Siasa za wakati wake zilimfaa mtu wa aina hiyo vibaya sana. Mwaka 1575 maofisa waligawanyika katika kambi mbili kwa ugomvi ulioanzia kwenye cheo kimoja cha kati katika idara ya uteuzi, cheo ambacho aliyekishika alikuwa na usemi mkubwa juu ya nani aajiriwe. Kiongozi wa upande mmoja, Kim Hyo-won, alikaa mashariki ya mji, na wa upande wa pili, Sim Ui-gyeom, alikaa magharibi. Basi wafuasi wao wakaitwa watu wa Mashariki na watu wa Magharibi. Jeong Cheol alikuwa wa Magharibi, na si wa kujificha. Rafiki yake Yi I, mwanafalsafa mkubwa wa zama zile, alijaribu kuzipatanisha kambi hizo, akafariki mwaka 1584 bila kufanikiwa. Mwaka uliofuata watu wa Mashariki walimwandama Jeong Cheol mpaka akaacha kazi na kurudi Damyang.

Hapo nyuma kidogo, mwaka 1580, alikuwa ameteuliwa kuwa gavana wa Gangwon, jimbo la pwani ya mashariki, na safari ya kwenda kuliona jimbo hilo ilizaa utungo wake mmoja mkubwa, Gwandong byeolgok, yaani wimbo wa Gwandong, jina jingine la eneo hilo. Umbo alilolitumia linaitwa gasa. Kila mstari una vipande vinne, na kila kipande huwa na silabi tatu au nne. Hakuna vina, hakuna beti, na hakuna kikomo cha urefu. Msomaji aliyelelewa kwenye tenzi, anayesubiri kina cha mwisho kimrudishe nyumbani, atahisi kama anatembea bila kupumzika, na kwa kweli gasa ni umbo la kutembelea. Umbo dogo la wakati huo, sijo, ni kinyume chake: mistari mitatu, silabi kama 45, na mwanzoni mwa mstari wa tatu wazo hugeuka ghafla. Jeong Cheol aliyamudu yote mawili. Akiwa gavana huko huko Gangwon alitunga sijo 16 za kuwafunza raia adabu, na ingawa mashairi ya serikali ya kufundisha adabu kwa kawaida hayana ladha, moja lao haliwezi kusahaulika. Kijana anamwona mzee aliyejitwika mzigo kichwani na mwingine mgongoni, anamwambia autue ampe yeye, kwa kuwa yeye ni kijana na hata mawe hayatamlemea, kisha anamaliza: uzee wenyewe ni huzuni tosha, na mizigo tena uibebe?

Wimbo wa Gwandong unapita kwenye milima ya Geumgang, ambayo leo iko Korea Kaskazini, ukashuka pwani na kutazama jua likichomoza baharini. Ukiusoma kama maelezo ya mandhari utaona uzuri wake nusu tu. Gavana anafika kwenye mto Soyang, na jambo la kwanza analouliza ni maji haya yanakwenda wapi, kwa sababu maji hayo hutelemka kuelekea mji mkuu aliko mfalme. Hapo hapo anakumbuka nywele zake nyeupe. Mwishoni, ufukweni, analala na kuota ameketi na kiumbe wa mbinguni, wakitumia nyota za kaskazini kama kata na bahari kama pombe. Anaomba pombe hiyo igawiwe sawasawa pande zote nne za dunia, watu wote walewe kwanza, halafu ndipo wakutane tena wanywe kikombe kimoja zaidi. Ni dua ya mtawala mwema iliyotolewa na mlevi, na yeye alikuwa vyote viwili.

Turudi sasa kwa yule mshonaji. Baada ya kuondolewa mwaka 1585, Jeong Cheol alikaa Damyang takriban miaka minne, na katika kipindi hicho alitunga Samiin-gok, wimbo wa kumkumbuka mpendwa, na mwendelezo wake, Sok miin-gok. Wa kwanza unaanza kwa madai makubwa: mwili huu ulipoumbwa, uliumbwa kwa kukufuata wewe, mimi kijana, wewe unipenda mimi peke yangu, na hakuna wa kulinganishwa nasi. Kisha mwanamke anajikuta ameshushwa kutoka kasri la mwezini hadi ulimwengu wa chini, na nywele alizochana siku ile zimekaa miaka mitatu zimevurugika. Poda ipo na rangi ya uso ipo, lakini ajipambe kwa ajili ya nani? Majira manne yanapita, na kila majira yana zawadi isiyofika. Machipuko anataka kupeleka maua ya mplamu. Kiangazi anashona ile nguo. Wakati wa majani kupukutika anatamani kuukusanya mwanga wa mwezi na nyota, autundike juu ya kasri, uangaze hadi mabonde yenye giza yawe kama mchana. Wakati wa theluji anataka kumpelekea joto la jua linaloangukia paa lake la nyasi.

Zawadi ya tatu ndiyo inayolifichua shairi. Hakuna mwanamke anayemtaka mpenzi wake aangaze mabonde yote ya nchi. Hilo ni ombi la ofisa kwa mtawala. Tena desturi hii haikuanzia kwake. Waziri Qu Yuan wa dola ya Chu huko China, zaidi ya miaka 1,800 kabla yake, alimlilia mtawala wake kwa lugha ya mapenzi baada ya kufukuzwa, na kila msomi wa Joseon aliujua utungo wake. Kumwambia mfalme waziwazi "umenionea" kungekuwa hatari. Kumwambia "nimekukosa" kulikuwa heshima, nayo ilikuwa na makali yake, maana aliyeachwa akiwa bado mwaminifu humwachia muachaji deni.

Lugha yenyewe ilimsaidia. Neno linalotumika kwa huyo mpendwa ni nim, ambalo linaweza kuwa mpenzi, bwana au mfalme, mwanamume au mwanamke. Anayelitafsiri shairi hili katika lugha zenye viwakilishi tofauti vya kike na kiume hulazimika kuamua mapema na kuvunja kitendawili. Mtafsiri wa Kiswahili hana taabu hiyo, kwa kuwa "yeye" wetu hasemi ni nani. Jinsia ya msemaji hatuijui kwa sarufi bali kwa vitu alivyonavyo mkononi: kitana, poda, uzi, rula.

Je, basi ni mapenzi ya kweli au ni barua ya kuomba kazi iliyopakwa manukato? Wako wanaoona moja na wako wanaoona jingine, nami nadhani swali lenyewe limekosewa. Katika mfumo ambao heshima ya mtu, riziki ya familia yake na maana ya elimu yake yote vilipitia kwa mtu mmoja aliyekaa kitini, kumpenda mtu huyo na kumhitaji hakukuwa mambo mawili.

Mwaka 1589 uliliweka jibu hilo kwenye mizani. Msomi mmoja aitwaye Jeong Yeo-rip, aliyekuwa amejiunga na watu wa Mashariki, alishtakiwa kuwa anapanga uasi, akakutwa amekufa kabla ya kukamatwa. Mfalme Seonjo alimrudisha Jeong Cheol serikalini, akampa uwaziri wa ngazi ya juu kabisa na kumkabidhi usimamizi wa mahojiano. Kwa makadirio ya kawaida, watu wapatao 1,000 waliuawa, walifia gerezani au waliadhibiwa katika kipindi cha takriban miaka miwili. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Yi Bal, mmoja wa viongozi wa Mashariki, na mama yake mzee pamoja na mwanawe mdogo hawakusalimika. Watetezi wa Jeong Cheol husema kwamba aliwahi kuwaombea baadhi ya washtakiwa na kwamba mfalme ndiye aliyetaka kuivunja kambi ya Mashariki. Wapinzani husema kwamba alilipiza kisasi. Hoja ya kwanza ina uzito, kwa kuwa hakuna mahojiano ya namna ile yaliyoweza kuendelea bila idhini ya mfalme. Lakini aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha msimamizi ni yeye. Husimuliwa kwamba kwa vizazi kadhaa wanawake wa ukoo wa Yi Bal, walipokuwa wakikatakata nyama jikoni, walilitaja jina la Jeong Cheol kwa kila pigo la kisu.

Mfalme aliyemtumia alimtupa upesi. Mwaka 1591 Jeong Cheol alishauri kwamba mrithi wa ufalme atajwe, naye Seonjo, ambaye moyo wake ulikuwa kwa mtoto mwingine, alikasirika na kumpeleka uhamishoni hadi Ganggye, kaskazini kabisa. Mwaka uliofuata majeshi ya Japani yalivamia Korea, mfalme akakimbia mji mkuu, na mtu yule yule akaitwa tena kazini. Mwaka 1593 alitumwa China kama mjumbe, akarudi na kukuta mashtaka mapya, akajiuzulu. Alifariki katika kisiwa cha Ganghwa mwishoni mwa mwaka huo kwa kalenda ya mwezi, akiwa maskini. Baada ya kifo alivuliwa vyeo, na baadaye, kambi yake iliporudi madarakani, akarudishiwa.

Pombe ilimfuata maisha yote, na adui zake waliitaja kila walipomshtaki. Kuna kisa kwamba mfalme alimpa kikombe cha fedha na kumwamuru anywe kwa kikombe hicho mara moja tu kwa siku, naye akakigonga kwa nyundo kikatanuka na kuwa bakuli. Kiwe kweli au la, wimbo wake wa kukaribisha pombe hauna furaha ya kilevi. Unaanza kwa kusema tunywe kimoja, tunywe tena kimoja, tuchume maua ya kuhesabia. Halafu unageuka: mwili huu ukishakufa, ufungwe katika jamvi na kubebwa mgongoni, au upambwe katika jeneza la fahari huku maelfu wakilia, ukishafika kwenye majani marefu na miti ya mwituni, jua likiwa la njano, mwezi mweupe, manyunyu yakidondoka na theluji nzito ikianguka, nani atakayekuambia tunywe kimoja?

Karibu miaka 100 baadaye mwandishi Kim Man-jung alidai kwamba mtu anayetunga kwa lugha ya kigeni ni sawa na kasuku anayeiga maneno ya watu, na kwamba fasihi ya kweli ya nchi yake ni nyimbo tatu tu: ule wa Gwandong na zile mbili za mpendwa. Kim Man-jung alitoka upande uliorithi kambi ya Magharibi, kwa hiyo sifa zake zina undugu wa kisiasa ndani yake, lakini hoja yake kuhusu lugha haihitaji chama. Kati ya nyimbo hizo tatu aliuweka juu Sok miin-gok, kwa sababu nyingine mbili bado zilijipamba kwa maneno ya Kichina.

Nakubaliana naye. Katika wimbo huo hakuna rula ya dhahabu. Wanawake wawili wanakutana njiani jua linapozama, mmoja anamuuliza mwenzake kwa nini ameondoka mji wa mbinguni. Aliyeulizwa hamlaumu mpendwa, anajilaumu mwenyewe. Anasimulia alivyopanda mlima kutafuta habari na kukuta mawingu, alivyoshuka mtoni na kukuta mtumbwi mtupu, mwenye kuuendesha hayupo. Anarudi kwenye kibanda chake usiku wa manane, taa inawaka ukutani bila wa kumwangazia. Anasinzia, anamwota mpendwa, na ule uso uliokuwa kama jiwe la thamani umezeeka nusu. Anataka kusema yote yaliyo moyoni, machozi yanamtangulia, sauti inakwama kooni, na jogoo asiye na adabu anawika. Basi anasema heri afe awe mwezi unaotua, auangaze wazi dirisha la mpendwa. Na yule mwenzake, aliyekuwa akisikiliza tu, anamjibu kwa mstari mmoja unaofunga wimbo: bibi wee, mwezi wa nini, kuwa mvua ya mfululizo.